Usiku Mmoja katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msomaji, ukiondoka Malindi kwa barabara iendayo Mombasa, utapita minazi na mikorosho, kisha utafika Gede, mwendo wa kilomita 15 hivi. Hapo wageni wengi hupinda upande wa bahari. Baadhi yao huenda kuyaona magofu ya mji wa kale, ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na wengine huenda Watamu kuoga. Ni wachache wanaogeuza shingo upande wa bara, na hao nao huona ukuta wa miti tu, usio na mlima wala maporomoko ya maji. Ukuta huo ndio mwanzo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi, na katika misitu mikavu ya pwani iliyosalia katika Afrika Mashariki hapana mmoja uupitao. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana pwani kutoka Somalia mpaka Msumbiji. Leo imebaki vipande vipande, mbalimbali, kama viraka juu ya nguo kuukuu.

Nataka kukusimulia usiku mmoja niliolala humo pamoja na mjomba wangu. Lakini kwanza sina budi kukuonya. Ikiwa umezoea kusikia habari za Tsavo, ambako tembo hutembea waziwazi na twiga huonekana toka mbali, msitu huu utakuudhi. Humu jicho halifiki mbali kuliko hatua ishirini. Wanyama wako, tena wengi: wako tembo, kima, nyani, komba, simbamangu, na paa mdogo aitwaye nunga ambaye siku hizi ni adimu duniani; na aina za ndege zapita 200. Hata hivyo hawajionyeshi. Mtu aendaye kuwatazama yafaa achukue masikio kabla ya macho, na subira kabla ya vyote viwili.

Mimi na mjomba ni watu wa Marafa, ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Labda umepata kusikia jina la Marafa kwa ajili ya korongo letu la Nyari, ambalo wageni hulisifu kwa rangi zake, nyekundu na nyeupe na ya machungwa, zinazowaka jua linapokuchwa. Wazee husimulia kwamba palikuwa na watu matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa badala ya maji, na Mungu akawadidimiza pamoja na mji wao. Weupe ulioko kwenye kuta ni maziwa, na wekundu ni damu. Wajuzi wa ardhi husema kwamba ni mvua na upepo tu, vilivyokata mchanga laini mwaka baada ya mwaka. Mimi sioni kwamba maneno haya mawili yanapigana sana. Yote mawili yanahusu kitu kilichoachwa kipotee.

Mwaka ule mjomba alikuwa na jambo zito moyoni. Shamba la ukoo wetu lina sehemu mbili. Sehemu ya chini ililimwa zamani, na sasa mahindi yake ni mafupi kama nyasi. Sehemu ya juu ina miti ya mrihi, ambayo babu yangu aliiacha imesimama, na inaungana na pori kubwa la Dakatcha lililoko nyuma ya kijiji. Alikuja mnunuzi akataka kuinunua mirihi yote kwa kuchoma makaa, na baadaye kulikodi shamba zima kwa kupanda mananasi. Fedha alizotaja zilitosha kumlipia mjukuu wa mjomba karo ya shule ya sekondari kwa miaka miwili. Usiwe mwepesi wa kumlaumu mnunuzi huyo, wala mjomba. Watu wetu wengi hula kwa makaa, na mijini watu wengi zaidi hupikia makaa hayohayo. Mimi mwenyewe nimekunywa chai nyingi iliyochemshwa kwa miti ya Dakatcha.

Mjomba aliomba siku saba za kufikiri. Ilitokea kwamba mimi nilikwisha pata ruhusa ya kulala msituni Sokoke katika siku hizo, nami nikamwomba anifuate, kwa kuwa yeye ajua miti na alama za wanyama kuliko mimi niliyesoma. Akakubali, lakini akasema, "Nitakwenda kuwatazama wanyama wa Serikali."

Neno hilo la wanyama wa Serikali, msomaji, lina historia. Katika pori la kwetu waliishi Waata, ambao majirani waliwaita Wasanya au Waliangulu, watu wa upinde. Upinde wao ulikuwa mgumu hata mtu mwingine mwenye nguvu hakuweza kuuvuta, na mshale wao wenye sumu ulimwangusha tembo. Marehemu babu yangu alikuwa na rafiki miongoni mwao. Kisha tembo wakawekewa sheria, na mwaka 1956 na 1957 katika Tsavo ikafanywa kampeni kali ya kuwakomesha wawindaji. Waata wengi wakapelekwa gerezani kwa kazi ambayo baba zao waliihesabu kuwa ni sifa. Tangu hapo, mtu wa kijijini akimwona mnyama husema kwamba ni wa Serikali. Mnyama huyo akila mahindi, ni wa Serikali vilevile. Iko sheria ya mwaka 2013 iliyoweka fidia kwa mtu aliyeumizwa na mnyama au aliyeharibiwa mimea yake, lakini tembo hula kwa usiku mmoja, na fidia huja polepole.

Tuliingia msituni saa tisa za alasiri kwa gari, pamoja na kijana mmoja mwongozaji, mwenyeji wa Gede. Alikuwa na adabu. Alimwamkia mjomba shikamoo kabla ya kuniangalia mimi, akamwuliza habari za Marafa na za mvua. Baadaye nilijua ya kuwa mama yake alimsomesha kwa vipepeo. Huenda ukadhani nimekosea kuandika, lakini sikukosea. Tangu mwaka 1993 uko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wanaopakana na msitu huwafuga vipepeo, huwalisha viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na kiwavi akijifunga katika ganda lake, ganda hilo hupelekwa Gede, hufungwa kwa pamba, na husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako kuna nyumba za vioo watu wanamolipa kiingilio ili kuwatazama vipepeo wakiruka. Haraka inatakiwa, maana kipepeo hangoji. Siku zake zikitimia hutoka gandani, awe amefika au yuko njiani. Mjomba alisikiliza habari hii kwa makini, kisha akauliza, "Wananunua viwavi?" Kijana akajibu, "Wananunua, mzee. Wala si fedha nyingi. Lakini pasipo miti hakuna majani, na pasipo majani hakuna kiwavi, ndiyo sababu mama hapendi kumwona mtu mwenye shoka." Mjomba hakujibu kitu.

Msitu huu si mmoja, ni mitatu. Karibu na barabara kuu ardhi hupata mvua zaidi, na miti huchanganyika. Hapo tuliona mbambakofi, na visiki vingi vya muhuhu, mti ambao wachongaji wa vinyago waliupenda mno hata miti mikubwa ikawa haba. Ukiendelea kwenda bara, mchanga hugeuka kuwa mweupe kama wa ufuoni, na mirihi husimama mbalimbali, na jua hupenya mpaka chini. Hapo mjomba aliomba gari lisimame. Alishuka akaenda akaweka kiganja juu ya gome la mrihi mmoja mnene, akautazama mpaka kileleni. Nadhani alikuwa akihesabu magunia. Wakati huohuo kundi la ndege wadogo wa aina nyingi lilipita juu yetu, wakitafuta wadudu katika majani, na kwa kitambo kidogo miti yote ililia. Kisha wakaenda zao, na kimya kikarudi.

Mbele zaidi mchanga ukawa mwekundu, na miti ikawa mifupi, iliyosongana, ambayo Wagiriama huiita mifunda. Mjomba aliinama akachota mchanga, akaufikicha kwa vidole, akanitazama. "Huu ni wa kwetu," akasema. Naye alisema kweli, kwa maana mchanga ule mwekundu wajuzi huuita mchanga wa Magarini, na Magarini ndiko kwetu. Ni mchanga uleule wa kuta za Nyari. Kule Nyari umekatwa na maji hata mtu akisimama ukingoni huona kizunguzungu. Huku umelala tuli chini ya majani makavu, na mizizi imeushika. Sikumwambia mjomba neno juu ya jambo hili. Alikuwa bado ameushika ule mchanga tulipoondoka.

Tulipiga kambi mahali palipo wazi kando ya njia, ambapo tulikuwa tumeruhusiwa. Chakula chetu kilikuwa ugali, samaki wa kukaanga tuliomnunua Malindi, na chai. Giza la msituni, msomaji, haliji kutoka juu. Huanza chini, kwenye mashina, likapanda polepole, na kilele cha mti hubaki na mwanga wakati wewe huoni tena vidole vya miguu yako. Komba walianza. Mlio wa komba ni kama wa mtoto mchanga anayelia kwa hasira, na mgeni akiusikia mara ya kwanza huinuka. Kisha kijana akainua mkono tunyamaze.

Kutoka ndani ya mifunda ulikuja mluzi mwembamba, tu, tu, tu, tu, kwa kipimo kimoja, kama mtu agongaye kengele ndogo sana asiyetaka kuwaamsha walio karibu. Ukakoma. Ukaanza tena, mbali kidogo. Huyo alikuwa bundi wa Sokoke. Urefu wake haufiki shubiri, na uzito wake ni gramu 50 hivi. Wataalamu walimweleza na kumpa jina mwaka 1966 tu, ingawa msitu ulikuwa umekwisha wekwa chini ya sheria tangu mwaka 1943. Na mbali na misitu ya pwani yetu, hajulikani kuishi mahali pengine ila chini ya milima ya Usambara katika Tanzania. Wengine kati yao wana rangi ya kijivu, wengine hudhurungi, na wengine wekundu kama mchanga wanaokaa juu yake. Watu hutoka nchi za mbali na kulipa nauli kubwa ili wamsikie.

Mjomba hakumfurahia. Pwani yote watu huchukia sauti ya bundi; akilia juu ya paa, wenye nyumba huanza kuhesabu wagonjwa wao. Mjomba alitema mate kando, akasema maneno ya kuondoa balaa. Kijana hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu hana habari ya mtu. Hajapata kuona nyumba tangu azaliwe." Mjomba akafikiri, kisha akasema kwamba bundi asiyejua nyumba ni jambo jipya kwake, na akaomba amsikilize tena. Tukakaa nusu saa nzima tukimsikiliza. Nilimwona mjomba kwa mwanga wa makaa, amefumba macho, kidole chake kikifuata mapigo ya mluzi juu ya goti.

Usiku wa manane tembo walipita. Sikuwaona, wala sitajifanya kwamba niliwaona. Nilisikia tawi likivunjika, kisha kimya kirefu, kisha mngurumo wa tumbo, jambo lililonistaajabisha kuliko tarumbeta yoyote: mnyama mkubwa hivyo hatembei kwa kishindo, bali tumbo lake ndilo linalomtangaza. Kijana alitunong'oneza tusiwashe taa wala kutoka hemani. Mjomba alikaa kitako akazifuata sauti mpaka zilipoishia, akasema, "Ni wanne, na mmoja ni mtoto." Asubuhi tulikagua nyayo. Walikuwa wanne, na mmoja ni mtoto.

Lakini nilichokwenda kumtafuta hasa ni mnyama mdogo, nami nilimpata alfajiri. Jina lake ni sange. Wako sange wa namna nyingi katika Afrika, ila huyu mwenye matako ya rangi ya dhahabu makazi yake ni pwani ya Kenya tu, na ngome yake kuu ni Arabuko-Sokoke. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa, mwili mwekundu wa giza, na nyuma manjano yanayong'aa kana kwamba amekalia rangi. Uzito wake ni nusu kilo na kidogo zaidi. Katika miaka ya 1970 Galen Rathbun aliwachunguza kwa muda mrefu kwenye magofu ya Gede, na aliyoyaona yanapendeza. Dume na jike hukaa wawili maisha yao katika eneo moja, lakini hawalali pamoja. Kila mmoja hulala katika kichuguu chake cha majani makavu, na baada ya siku chache hukihama ili adui asikizoee. Kichuguu hicho hujengwa asubuhi na mapema, wakati majani yana umande na hayatoi sauti. Tena chini ya yale manjano ngozi yake ni nene kuliko mahali pengine, na ya dume ni nene zaidi. Nadhani ni ngao ya yule anayefukuzwa na mwenziwe.

Tulimsikia kabla ya kumwona: majani yalichakura, yakanyamaza, yakachakura. Mara akatokea, akichokonoa kwa pua yake na kukwaruza kwa miguu ya mbele. Ndege mmoja mwenye kifua cha machungwa alimfuata hatua kwa hatua, akidaka wadudu waliomponyoka. Aliposikia pumzi zetu alipigapiga mkia juu ya majani, kisha akaruka na kupotea, na kitu cha mwisho tulichokiona ni ile dhahabu yake.

"Huyu nimemla," mjomba akasema. "Tulimtega kwa kitanzi tulipokuwa watoto. Nyama yake si tamu, lakini njaa haichagui." Ndipo kijana akamweleza neno ambalo wataalamu walilithibitisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuchunguza damu na nasaba: ya kwamba sange si wa jamii ya panya, bali ukoo wake uko karibu na wa tembo. Mjomba alicheka mpaka akashika mti. Alicheka kwa sababu ya ile pua. Akasema kwamba wazee wangaliambiwa hivyo wasingalishangaa, ila wangaliuliza ni nani aliyekuwa mjomba wa mwenziwe.

Tulipokuwa tukikunja hema, kijana alituambia habari ambayo alidhani sisi twaijua, kwa kuwa ni ya kwetu. Yuko katika msitu huu ndege wa jamii ya mnana, mweusi na manjano, aitwaye mnana wa Clarke. Alielezwa na wataalamu mwaka 1913. Huonekana Sokoke katika makundi juu ya mirihi, kisha msimu ukifika hutoweka asionekane. Minana wengine husuka viota vyao mbele ya macho ya watu, hata juu ya minazi ya mjini, lakini wa huyu hakuna mtaalamu aliyepata kukiona kiota chake kwa muda wa miaka 100. Mwaka 2013, mwezi wa Machi, viota vikaonekana katika kinamasi kwenye pori la Dakatcha, upande wetu wa Marafa, baada ya mvua. Ndege hawa hula na kutembea katika mirihi, na huzaa katika majani ya majini. Hutaka vyote viwili viwe karibu.

Mjomba aliacha kukunja. "Wale wa manjano?" akauliza. "Wanaokuja vinamasi vikijaa?"

"Hao, mzee."

"Tumewaona tangu utotoni, tukichunga. Viota vyao tuliviangusha kwa mawe." Akanyamaza kidogo. "Miaka mia. Kwa nini hawakutuuliza?"

Kijana hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Swali hilo, msomaji, nimelibeba tangu siku ile, na kila nisomapo kitabu kisemacho kwamba jambo fulani halikujulikana mpaka mwaka fulani, hujiuliza halikujulikana na nani. Lakini nitakuwa mdanganyifu nikikuachia hapo, kwa maana mjomba alimjua ndege, ila hakujua kwamba ndege huyo hana kwao kwingine duniani. Hilo aliambiwa na kijana wa Gede, chini ya mrihi, hema likiwa nusu limekunjwa. Kila mmoja wao alikuwa na nusu ya habari.

Njiani kurudi hakusema mengi. Tulipovuka daraja la Sabaki aliniuliza ganda moja la kipepeo huuzwa kiasi gani, nikamwambia sijui. Akasema angalimwuliza kijana mwenyewe.

Mnunuzi alikuja siku ya saba kama walivyoagana. Waliketi chini ya mwembe, nami nikawaletea chai. Mjomba alimkodisha sehemu ya chini, ile ya mahindi mafupi, kwa mananasi, kwa miaka mitatu, akapokea fedha za karo ya mwaka mmoja na nusu baada ya mashindano marefu. Juu ya mirihi alisema bado. Mnunuzi akauliza bado mpaka lini, maana ana watu wa kuchoma waliokwisha kaa tayari. Mjomba akamjibu kwamba masika iko karibu, na yuko mtu wa Gede anayekuja kutazama ndege kinamasini, naye amekwisha mwahidi mahali pa kulala.